Somo la Redio: Kukitia Chumba cha Kulala Sura Mpya kwa Fedha Kidogo

Somo letu la leo ni juu ya chumba cha kulala. Tutaeleza namna ya kukitengeneza kikapendeza kwa chokaa, rangi kidogo, na papi nne za mbao, bila ya kukopa fedha wala kubomoa ukuta.

Tumepata barua ya mama mmoja wa Tanga. Aeleza kwamba kila mwaka, Idi inapokaribia, hununua kopo la rangi ya mafuta ya kijani, akapaka sehemu ya chini ya ukuta wa chumba cha ndani. Sikukuu hupita vizuri, na wageni husifu. Lakini mvua za masika zikisha kunyesha, rangi huvimba kama lengelenge la moto, ikapasuka, ikaanguka sakafuni magamba magamba. Mwaka huu binti yake ana mimba ya kwanza, naye atarudi kwao kujifungua. Chumba hicho ndicho atakacholala pamoja na mtoto. Basi mama auliza: "Ninunue rangi gani iliyo bora kuliko ile, maana fedha niliyo nayo ni kidogo?"

Mama yetu, jibu letu ni hili: usinunue rangi yo yote kwanza. Rangi ni kanzu ya ukuta. Mtu mwenye kidonda haponi kwa kuvalishwa kanzu mpya, na ukuta wenye maji hauponi kwa kupakwa rangi. Fedha zako za miaka yote hiyo zimeanguka sakafuni pamoja na magamba. Tutafute kwanza maji yatokako, kisha tusafishe ukuta kwa njia isiyodhuru mtu, na mwisho ndipo tuupambe.

KWANZA: MAJI YATOKA WAPI?

Maji huingia ukutani kwa njia nyingi. Huenda paa linavuja. Huenda udongo wa nje umerundikana hata ukapita kimo cha sakafu ya ndani. Huenda watu wanaoga au wanafua karibu na ukuta, na maji yakamwagwa pale pale kila siku. Ukuta wa mawe ya matumbawe, au wa matofali, au wa udongo, hunyonya maji kutoka chini kama utambi wa taa unavyonyonya mafuta.

Ukitaka kujua, chukua kipande cha plastiki cheupe kinachoonyesha, ukubwa wa sahani. Kibandike ukutani kwa utepe wa gundi pande zote nne, ukiache mchana na usiku. Kesho yake kitazame. Matone yakiwa upande wa ndani, baina ya plastiki na ukuta, maji yatoka ukutani. Matone yakiwa upande wa nje, unaoelekea chumbani, maji ni ya hewa ya chumba, na dawa yake ni kufungua madirisha na kusogeza kabati na kitanda mbali kidogo na ukuta, hewa ipite.

Ikiwa maji yatoka ukutani, chukua jembe uende nje. Ondoa udongo ulioegemea ukuta mpaka uwe chini ya kimo cha sakafu kwa sentimeta 15 hivi. Inamisha ardhi ili maji ya mvua yakimbie mbali na nyumba. Hamisha mahali pa kufulia. Ziba paa linapovuja. Kazi hii haitaki fedha nyingi, yataka jasho la siku mbili au tatu, na jamaa wakisaidiana huwa nyepesi. Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa methali hiyo ni kweli tupu, neno kwa neno.

Sasa tuelewe kosa la rangi ya mafuta. Rangi hiyo hufunga vinyweleo vya ukuta. Maji yaliyomo hutaka kutoka yawe mvuke, yakakuta mlango umefungwa. Basi huisukuma rangi mpaka ikavimba, na mengine hupanda juu zaidi kutafuta mahali pa kutokea. Ndiyo sababu watu wengi hupaka rangi ya mafuta kimo cha mita moja ili kuficha unyevu, na baada ya mwaka wakauona unyevu umefika juu ya mstari wa rangi. Tusidhani ya kwamba ni rangi mbovu. Hata iliyo ghali kuliko zote ingeanguka.

PILI: KUONDOA RANGI YA ZAMANI

Hapa, wasikilizaji, twaomba mtege masikio sana, hasa ninyi wenye watoto wadogo.

Katika rangi nyingi za mafuta za zamani, na hata katika baadhi ya zinazouzwa leo katika nchi mbalimbali, mna madini ya risasi. Watengenezaji waliyatia ili rangi ing'ae, ikauke upesi, na idumu. Lakini risasi ni sumu. Shirika la Afya Ulimwenguni lasema kwamba hakuna kiasi cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa ni salama. Mtoto mdogo hutambaa, hushika vumbi, hutia vidole kinywani. Risasi ikiingia mwilini mwake hudhuru ubongo unaokua, akawa mzito wa kujifunza, na madhara hayo hayarudi nyuma. Mama mwenye mimba naye akiila au akiivuta pamoja na vumbi, humfikia mtoto tumboni.

Kwa macho huwezi kujua kama rangi ya zamani ina risasi au haina. Kwa hiyo ichukue yote kuwa inayo, nawe utakuwa salama. Shika kanuni hizi:

1. Mwenye mimba na watoto wasiwepo nyumbani siku ya kazi hiyo. Wapelekwe kwa jamaa.

2. Usipige msasa ukutani pakiwa pakavu, wala usichome rangi kwa moto. Vumbi lake na moshi wake ndiyo sumu yenyewe. Lowesha kwanza kwa maji ya sabuni, kisha kwangua kwa kikwangulio, na kama ni lazima kupiga msasa, tumia msasa wa maji.

3. Toa vyombo vyote chumbani. Tandika plastiki sakafuni ikusanye magamba. Ziba mdomo na pua.

4. Ukimaliza, kunja plastiki pamoja na magamba, uifunge, uitupe panapotupwa taka, mbali na kisima, bustani na kuku. Usifagie kwa ufagio mkavu. Piga deki kwa maji ya sabuni mara mbili au tatu, ukibadilisha maji.

5. Oga, na nguo za kazi uzifue mbali na nguo za watoto.

Mlango na dirisha visisahauliwe, maana ndivyo hupakwa rangi ya mafuta mara nyingi, na kila vinapofunguliwa na kufungwa husagana vikatoa vumbi. Rangi yake ikiwa imeshika vizuri bila kupasuka, usiikwangue. Ioshe, kisha ifunike kwa rangi mpya. Unaponunua rangi mpya, muulize mwenye duka iliyoandikwa kuwa haina risasi. Kiwango kinachopendekezwa na Umoja wa Mataifa ni kwamba risasi isizidi sehemu 90 katika sehemu milioni 1 za rangi iliyokauka.

TATU: CHOKAA AU RANGI YA MAJI?

Ukuta ukisha kukwanguliwa, uache ukauke. Wiki tatu au nne za jua ni bora kuliko kopo la rangi. Ukiona unga mweupe wa chumvi umetoka ukutani, upanguse kwa brashi kavu. Usiuoshe kwa maji, maana chumvi itayeyuka irudi ndani. Palipobomoka paziba kwa lipu ya chokaa na mchanga safi, kipimo kimoja cha chokaa kwa vitatu vya mchanga.

Kisha mwagia ukuta maji kidogo kwa mkono. Ukuta ukiyanywa ukageuka rangi, huo wafaa kupakwa chokaa. Maji yakiteleza yakaanguka, una ngozi ya rangi juu yake, na chokaa haitashika hapo. Itatoka kama unga.

Kwa ukuta wa mama yetu, uliojengwa kwa mawe na lipu ya chokaa, twashauri chokaa. Sababu ni tatu. Bei yake ni ndogo. Huacha ukuta upumue. Na ukali wake huzuia kuvu isiote. Wala si kitu cha unyonge. Mabwana wa Lamu katika karne ya 18 walipamba vyumba vyao vya ndani kwa zidaka zilizochongwa katika lipu ya chokaa, safu juu ya safu, na mpaka leo watu hutoka mbali kwenda kuzitazama.

Namna ya kuitengeneza ni hii. Nunua chokaa iliyokwisha kuzimwa, inayouzwa kwa mifuko. Mfuko mmoja wa kilo 25 watosha chumba kizima na kubaki. Usinunue chokaa mbichi, kwa sababu ikitiwa maji huchemka kwa nguvu na yaweza kumuunguza mtu. Tia maji katika ndoo ya plastiki, si ya alumini, kisha tia chokaa kidogo kidogo huku ukikoroga. Iache ilale usiku kucha. Asubuhi iongeze maji mpaka iwe nyepesi kama maziwa, uichuje kwa kitambaa. Linda macho na mikono, maana hata chokaa iliyozimwa huchoma. Ikikuingia jichoni, osha papo hapo kwa maji mengi safi kwa muda mrefu, uende hospitali.

Lowesha ukuta kwa maji kidogo, halafu paka chokaa nyepesi sana. Ikiwa mbichi utaona kama hukupaka kitu, maana ukuta huonekana nyuma yake. Usitie hofu, wala usiongeze. Kadiri inavyokauka hunyonya hewa ya kaboni ikageuka kuwa jiwe, na weupe wake hutokea. Kesho yake paka mara ya pili, na kesho kutwa ya tatu. Ukuta uliokwanguliwa hutaka mara nne. Kupaka nene mara moja ndiko kunakofanya chokaa ipasuke na kuchafua nguo za watu. Wako watu wanaotia chumvi ya kupikia ili ishike. Katika chumba cha kulala cha pwani hatushauri, kwa kuwa chumvi huvuta unyevu wa hewa.

Ninyi wenye kuta za saruji zilizo kavu, au kuta zilizokwisha kupakwa rangi ya maji, tumieni rangi ya maji tena. Lipu mpya ya saruji ingojeeni wiki nne kabla ya kuipaka. Paka tabaka mbili nyepesi, ukingoja ya kwanza ikauke.

NNE: KUPIMA ILI FEDHA ISIPOTEE

Tuseme chumba kina urefu wa mita 3 na nusu, upana wa mita 3, na kimo cha mita 2 na sentimeta 70. Jumlisha kuta zote nne: 3.5 na 3 na 3.5 na 3 ni mita 13. Zidisha kwa kimo, 2.7, upate mita za mraba 35. Toa mlango na dirisha, karibu mita za mraba 3. Zabaki 32.

Lita moja ya rangi ya maji hupaka mita za mraba 10 hivi za ukuta laini, mara moja. Basi chumba chetu kwa tabaka mbili chataka lita 6 na nusu. Kopo la lita 4 halitoshi, na mawili ni fedha nyingi kwa wengine. Lakini ikiwa rangi nzuri, ile ya bei, utaipaka chini tu mpaka kimo cha sentimeta 90, hapo ni mita za mraba 11, na kwa tabaka mbili ni lita 2 na robo. Kopo moja latosha na kubaki. Juu paka nyeupe ya bei nafuu. Hata chumba chenyewe chapata faida, kwa kuwa weupe wa juu hurudisha mwanga na chumba kidogo huonekana kikubwa, na rangi ya chini huficha alama za mikono na mikwaruzo.

Mama yetu wa Tanga aweza kupata sura hiyo hiyo kwa chokaa peke yake. Atie katika chokaa ya chini rangi ya unga ya oksidi, nyekundu au ya manjano, iliyo salama kwa chokaa. Isizidi kilo 1 kwa kilo 10 za chokaa, la sivyo haitashika. Ailoweke kwanza katika maji, kisha aichanganye yote kwa siku moja katika ndoo moja, kwa maana akirudia kuchanganya rangi hazitalingana. Na ajaribu kwanza mahali palipofichika, angoje mpaka kesho. Ikikauka hupungua ukali wake sana.

TANO: MSTARI NA PAPI

Kitu kinachofanya chumba kionekane kuwa kimemalizwa ni mpaka ulionyooka kati ya rangi ya juu na ya chini. Mpaka ukipinda, hata rangi ya ghali huonekana kazi ya mchezo.

Usipime kutoka sakafuni kila pembe, kwa sababu sakafu nyingi zimeinama. Tumia mpira wa maji wanaoutumia waashi, ule unaoonyesha. Ujaze maji, mtu mmoja ashike ncha moja kwenye alama ya kwanza, wa pili aende na ncha nyingine pembe hadi pembe. Maji hutulia kimo kimoja pande zote, nayo hayajui upendeleo. Tia alama katika pembe zote nne. Kisha paka uzi chaki, uukaze baina ya alama mbili, uuvute kidogo kwa vidole na kuuachia. Utaacha mstari ulionyooka.

Juu ya mstari huo waweza kupigilia papi nyembamba ya mbao, upana wa sentimeta 5. Papi huzuia migongo ya viti na kichwa cha kitanda visikwaruze ukuta. Kwa chumba chetu nunua papi nne za futi 12. Kila moja ina mita 3 na sentimeta 66, kwa hiyo kila ukuta utapata papi moja nzima bila kiungo. Zipige randa na msasa, zipake dawa ya mchwa, halafu rangi pande zote mbili, hata upande utakaogusa ukuta, zikauke nje ya nyumba kabla ya kufungwa. Ukuta wa mawe usiupige misumari kwa nguvu, lipu itaanguka. Toboa, tia plagi, funga kwa skrubu, moja kila sentimeta 60.

Asiye na fedha za papi asihuzunike. Apake mstari wa rangi ya tatu, upana wa vidole vitatu, mahali pale pale. Na chini kabisa, kimo cha sentimeta 15 kutoka sakafuni, apake rangi iliyokoza zaidi, ili maji ya deki yasionekane. Hapo chini hatushauri mbao katika nyumba zenye mchwa.

Kazi zote zikisha, madirisha yaachwe wazi mchana, harufu itoke. Mtoto mchanga na mama yake wasilale humo mpaka harufu iishe kabisa. Kwa hiyo kazi ianze miezi miwili au zaidi kabla ya siku ya kujifungua, si wiki mbili.

Mama yetu, hesabu yako basi ni hii: mfuko mmoja wa chokaa, mchanga kidogo, rangi ya unga, papi nne na skrubu zake, kopo dogo la rangi isiyo na risasi kwa mlango, dirisha na papi, na jembe la kuazima. Idi ijayo hutanunua kopo la kijani. Ukiona mahali pamechujuka, koroga chokaa iliyobaki, upake hapo tu. Mjukuu wako atakapoanza kutambaa kando ya ukuta ule, mkono wake utashika chokaa safi.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Katika nyumba zenu, ni ukuta upi unaobambuka kila mwaka? Maji yake yatoka wapi?

2. Kwa nini rangi ya mafuta haiponyi ukuta wenye unyevu?

3. Nani asiwepo nyumbani rangi ya zamani inapokwanguliwa, na kwa sababu gani?

4. Pimeni chumba mlichokaa sasa. Kitahitaji lita ngapi za rangi ya maji kwa tabaka mbili?